Daftari la Gwamaka

Bati ishirini na nane, geji thelathini: mwaka wa bega.
Ada ya Tusekile, kidato cha tatu: meno mawili ya mbele.
Wakati ule sikuandika hivyo.
Niliandika tarehe, kiasi, na makato ya wakala,
kwa kalamu iliyogoma kila ukungu wa Isyonje ulipoingia dukani.
Mambo ya bega na meno nimeyajaza juzi,
kwa penseli, pembeni,
yeye akinitajia huku akimenya viazi.

Alianza na lumbesa.
Gunia limeshonewa kofia ya wavu juu, kilo mia na arobaini,
kutoka shambani kwa Mwaisumo hadi barabarani,
na shingo yake haikuwahi kulalamika.
Shingo hiyo ndiyo iliyoonekana.
Alisindikiza mzigo hadi Nairobi;
sokoni mzee mmoja akamwona akishusha,
akamzunguka mara mbili kama mtu anayenunua fahali,
akamuuliza: raga unaijua?
Akasema anaijua.
Alidhani ni aina ya mbegu.

Basi. Miaka mitatu huko, kisha Ufaransa,
mji mdogo wenye baridi kama ya Kitulo mwezi wa saba,
mkataba wa kurasa tisa ambao alisoma namba tu.
Mstari wa mbele, kushoto.
Picha zilipofika, mama alizishika juu chini.
"Mpira gani huu, umeminywa?
Na mbona kichwa chako kiko kwapani mwa mtu?"
Akamweleza kwenye simu: Mama, huku huruhusiwi
kumrushia aliye mbele. Unampa aliye nyuma yako,
ndipo mnakwenda.
Mama akanyamaza kidogo
(nyuma yake tulikuwa kumi na mmoja, viganja wazi),
akasema: "Hiyo naijua. Tuma ya mbolea."

Misimu tisa. Sikumwona akicheza
ila mara moja, dakika sita, kwenye banda la video,
kabla vijana hawajapiga kelele warudishiwe soka.
Niliona lundo la watu. Niliona mvuke.
Mguu mmoja ulikuwa na soksi iliyoshuka;
nikasema moyoni, ule ni wake.

Kisha ukurasa mtupu. Kisha mwingine.
Kisha akashuka mwenyewe njia panda ya Kitulo, begi moja,
shingo imekuwa ya mti.
Ukimwita kwa nyuma anageuka mzima, kama mlango.
Walimpa mkono, na bahasha, na picha ya mifupa yake,
ambayo mama ameziba nayo kioo kilichopasuka;
asubuhi jua likipita hapo
uti wa mgongo wa mwanawe unaanguka kwenye kitanda.

Watu wananiuliza alileta nini.

Jumanne fuso la viazi lilizama karibu na kalvati.
Vijana ishirini, kila mmoja akisukuma kwa wakati wake,
kila mmoja akilaani kwa lugha ya kwao.
Gwamaka akaweka kisu chini.
Akachagua wanane. Watatu, wanne, mmoja.
Akawashikanisha makwapa, akawashusha migongo
mpaka ikawa meza ya kuandikia barua.
"Chini." Wakashuka.
"Shikaneni." Wakashikana.
"Bado."
Hiyo bado aliivuta
mpaka nikasikia matone yakidondoka kwenye turubai.
"Sasa!"

Fuso likakohoa, likapanda.

Mama mlangoni, mikono ina unga:
"Kumbe ndiyo hiyo! Miaka yote hiyo!
Si ungesema tu ni kusukuma?"

Dereva akapiga honi, akapaza sauti: ndaga fijo!
Yeye amesimama palepale, uso kwenye mtaro,
tope hadi magotini,
gari limeshampita kwa mgongo likielekea Uyole.
"Subilaga," akaniuliza, "limevuka kona?"

Nikamwangalizia.
"Bado," nikasema.
"Sasa."